Handaki la Namba na Handaki la Mkono

Kwenye daftari langu la gemu za zamani, zile za kuvaa uhusika na kushuka mahandakini, kila jina lina alama moja kati ya mbili: "maliza" au "acha". Zamani niliiweka alama hiyo kwa uchovu au kwa hasira za kufa ovyo. Siku hizi naanza na swali la kifundi: handaki hili limetoka wapi? Limechorwa na mtu, au mashine inalikokotoa kila unaposhuka?

Chukua Akalabeth. Richard Garriott aliiandika kwa BASIC ya Apple II mwaka 1979, akiwa kijana tu huko Texas, na nakala za kwanza ziliuzwa kwenye mifuko ya plastiki katika duka la kompyuta alikokuwa akifanya kazi. Kabla hujaanza, gemu inakuuliza namba yako ya bahati. Unadhani ni mbwembwe, kumbe ndiyo mbegu ya dunia nzima. BASIC ile ina kanuni ya kutoa namba za nasibu, na ukiilisha namba hasi ileile hutoa mfululizo uleule kila mara. Garriott alichanganya namba yako ya bahati, mahali ulipo kwenye ramani na kina ulichoshuka, akaipa kanuni hiyo. Basi. Hakuna ghorofa hata moja iliyohifadhiwa kwenye diski. Ukishuka inajengwa, ukipanda inasahauliwa, ukirudi inajengwa upya na kuta zake ziko palepale. Unaweza kushuka hadi uchoke wewe.

Kwa enzi ambayo Apple II ya kilobaiti 48 ilihesabiwa kuwa mashine iliyoshiba, ujanja huo unastahili heko. Lakini tazama unachopata. Kila ghorofa ni miraba 11 kwa 11, na kuta zote zina mifupa ileile ya kimia, nasibu ikiamua tu wapi pawe mlango, wapi mtego, wapi sanduku. Mazimwi ni aina kumi. Ukishakutana nao wote, ghorofa ya 30 haina habari mpya ya kukupa.

Kilichobaki na makali ni tumbo. Hatua moja juu ya ardhi inakula kipimo kizima cha chakula. Hatua moja handakini inakula sehemu ya kumi yake. Ukiishiwa, unakufa hapo hapo, na nakala ya awali haina pa kuhifadhi safari yako. Ndani ya mahandaki yumo gremlini ambaye hashughuliki sana na kukuua: anakuibia nusu ya chakula chako chote. Nusu, si kiasi fulani, kwa hiyo kadiri ulivyojaza mkoba ndivyo anavyokuumiza. Hilo ni wazo la mbunifu aliyeelewa hesabu yake. Akalabeth nimeiwekea "maliza", kwa kuwa bei yake ni jioni moja: unatumwa kuua zimwi mmoja baada ya mwingine mpaka Balrog, kisha gemu inakuambia upige simu kwa wachapishaji ukajisifu.

Wizardry ni jambo jingine. Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliokutana katika Chuo Kikuu cha Cornell, waliitoa mwaka 1981, wakiwa wameiandika kwa Pascal. Ghorofa ni kumi, kila moja miraba 20 kwa 20, yaani miraba 4,000 iliyopangwa na binadamu mwenye nia mbaya. Kuna mraba unaokuzungusha bila kukuambia umegeukia wapi. Kuna kiza kinachozima taa yako. Kuna sehemu inayokuhamisha kimyakimya, ukaendelea kuchora kwenye karatasi ya miraba korido ambayo haipo. Dawa ni uchawi uitwao DUMAPIC, unaokutajia uko hatua ngapi mashariki na kaskazini mwa ngazi uliyoshukia mwanzoni. Sasa angalia hila yenyewe. DUMAPIC iko daraja la kwanza la mchawi, pamoja na KATINO inayowalaza maadui, na zote zinachotwa kwenye akiba moja ya daraja hilo. Kuuliza "niko wapi?" kunakugharimu usingizi wa adui wa kona inayofuata.

Halafu kuna kifo. Kikosi kikiteketea, gemu inaliandika hilo kwenye diski papo hapo. Maiti hubaki mrabani zilipoangukia, nawe uunde kikosi kingine, ukifunze, kishuke kuzibeba. Hekaluni wanakufufulia mtu kwa malipo, lakini ufufuo ukishindikana anakuwa majivu, na majivu yakishindikana jina linafutika. Wachezaji wa wakati ule walijifunza kuifyatua diski kabla haijaandikwa. Mimi, kwenye programu inayoigiza Apple II, nina kitufe cha kurudisha wakati nyuma, na nakiri nilikitumia ghorofa mbili nzima. Ramani yangu ya ghorofa hizo ni mbovu kuliko zote. Sikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu.

Lakini "kumaliza" Wizardry maana yake nini? Kwenye ghorofa ya 4 ukiwashinda walinzi unapata utepe wa buluu, na utepe huo unakufungulia lifti inayoshuka moja kwa moja hadi ya 9. Kuanzia ya 5 hadi ya 8 hakuna kitu ambacho ni lazima ukichukue. Wapo wanaouona huu kuwa uvivu wa watunzi. Mimi nauona kama uwanja wa mazoezi: kikosi kinachopanda lifti mapema mno kinafika chini kikiwa chakula cha mazimwi. Hata hivyo lazima ujiamulie unamaliza kipi, kumuua mchawi Werdna, adui wa mwisho, kwenye ghorofa ya 10 au kuchora miraba yote.

The Bard's Tale ya mwaka 1985 ndiyo niliyoiacha, na mahali nilipoiachia panajulikana na kila aliyefika. Kwenye ngome ya Harkyn unakutana na makundi manne ya wapiganaji wenye wazimu, 99 kila kundi. Ni watu 396 kwenye skrini isiyoweza kumchora hata mmoja akitembea. Mara ya kwanza unacheka. Kisha unagundua kwamba ukiwa na uchawi unaopiga makundi yote kwa mpigo, pambano hili ndilo shamba lako la kuvuna uzoefu: unaua, unatoka, unarudi, unaua. Mji wa Skara Brae una mitaa mizuri ya kuchora, na bardi mwenyewe anapendeza, koo lake likikauka hawezi kuimba mpaka apate kinywaji. Ila nilipojikuta naingia kwenye chumba kile mara ya tisa, nilifunga daftari.

Werdna nimeshamuua. Karatasi ya ghorofa ya 7 bado iko mezani, pembe yake ya kaskazini mashariki nyeupe, na Jumamosi kikosi kinashuka tena.