Jedwali la Medali Halitoshi

Ukitaka kuiona sayansi ndani ya michezo ya watu wenye ulemavu, usianze na medali. Anza na chumba ambacho kamera haziingii: kile cha kupanga madaraja.

Chukua mpira wa kikapu wa viti mwendo. Kila mchezaji hupewa alama kuanzia 1.0 hadi 4.5, kulingana na anavyoweza kutumia kiwiliwili chake kuinama, kugeuka na kujizuia asianguke. Watano walio uwanjani hawaruhusiwi kuzidi alama 14 kwa jumla. Kwa hiyo kocha hawezi kujaza wale wa 4.5 peke yao, wa 1.0 naye ana kazi yake. Hesabu tamu kabisa hiyo, lakini watangazaji wanaipita na kuishia kusema "mashujaa".

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye riadha. Mashindano ya kanda huwa na washiriki wachache, hivyo madaraja mawili huunganishwa. Daraja la T37 ni la wakimbiaji walioathirika upande mmoja wa mwili. T38 ni la walioathirika kwa kiwango kidogo zaidi. Kwenye kurusha tufe, umbali unaweza kugeuzwa kuwa pointi kwa kuzingatia daraja. Kwenye mbio, anayefika kwanza ndiye mshindi. Sasa wa T37 akimaliza wa nne, ameshindwa na wenzake au na ratiba? Jedwali la medali haliwezi kukujibu.

Je, mashindano haya hayana maana? Hapana, yana maana sana. Asia ilianza mwaka 1975 huko Oita, Japani, kwa juhudi za daktari Yutaka Nakamura. Michezo ya kwanza ya Para ya Afrika ilifanyika Accra, Ghana, mwaka 2023: miaka 48 baadaye. Na bila daraja la kimataifa, huendi Paralimpiki hata uwe na mbio kiasi gani. Wapimaji wasipokuja karibu, mwanariadha ndiye anayetafuta nauli ya kuwafuata mbali.

Ndiyo maana tunasema, michezo ya kanda ipimwe kwanza kwa swali hili: ni wanariadha wangapi wameondoka pale wakiwa na daraja mkononi? Medali tuzihesabu baadaye.