Kupanga matembezi ya nusu siku hadi Maporomoko ya Sanje

Maporomoko ya Sanje yako upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, juu ya kijiji chenye jina hilohilo. Maji hushuka takriban meta 170 kwa hatua tatu. Njia ya miguu inayoyafikia ni ya mzunguko, ina urefu wa kilomita 5 hivi, na makadirio ya kawaida ya kuimaliza ni muda wa saa 4. Tarakimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Anayeangalia kilomita peke yake atadhani ni mwendo wa asubuhi kati ya chai na chakula cha mchana, kisha ataanza safari saa saba mchana huku jua likiwa limeshapita kilele cha kazi yake.

Tofauti kati ya kilomita na saa inaweza kupimwa. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembea milimani bado wanaitumia: kwa vipimo vya leo, saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila meta 600 za kupanda. Tuseme mzunguko una mpando wa jumla wa meta 300. Kanuni inatoa saa 1 na nusu. Baadaye Eric Langmuir aliongeza marekebisho ya mteremko, kwa sababu mteremko mkali haumpi mtu ahueni, unamchelewesha: dakika 10 kwa kila meta 300 za kushuka. Hesabu inafika saa 1 na dakika 40, bado chini ya nusu ya muda wa kawaida.

Muda uliobaki unaliwa na msitu wenyewe. Kanuni ya Naismith ilizaliwa kwenye vilima vya Uskoti, mahali pa nyasi na mawe, si kwenye mizizi iliyolowa chini ya miti mirefu. Udzungwa udongo huteleza muda mwingi wa mwaka, ngazi za njia hazilingani kimo, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki, hivyo mwili unapoa polepole na mtu analazimika kupumzika mara nyingi. Kuna pia vituo ambavyo hakuna mpangaji mwenye busara atakayevifuta: mbega wekundu juu ya miti, na dimbwi la kuogea chini ya maporomoko. Mpango unaovihesabu vituo hivi kama ucheleweshaji ni mpango mbaya, maana ndivyo vilivyomleta mtu huko.

Kwa hiyo ratiba hupangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Eneo hilo liko kusini kidogo tu mwa ikweta, na katika miezi ya Mei na Juni jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na robo jioni. Lakini saa ya kalenda siyo saa ya msitu. Milima iko magharibi mwa njia, kwa hiyo jua hujificha nyuma yake mapema kuliko linavyozama kwa mtu aliye bondeni, na matawi yaliyofungamana huzuia mwanga uliobaki. Kikomo cha busara cha kuwa nje ya msitu ni saa kumi jioni. Kutoka hapo huondolewa saa 4 za mzunguko, kisha theluthi moja ya muda huo kama akiba, yaani saa 1 na dakika 20. Jibu ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Hiyo ni saa ya mwisho kabisa ya kuanza kupanda, na wengi huikosea kwa kuichukua kama saa nzuri ya kuanza.

Saa nzuri ni kama saa tatu asubuhi. Kwanza, kwa kuwa mteremko wa mlima umeelekea mashariki, ni jua la asubuhi linaloangaza maporomoko. Mwenye kamera atakayefika alasiri atakuta ukuta wa kivuli. Pili, joto bado ni dogo wakati wa sehemu ngumu ya kupanda. Tatu, wanyama wa mitini huwa na shughuli nyingi zaidi asubuhi. Mmoja wao ana historia yake hapa: ngolaga, nyani wa msituni ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979, pale watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers waliposikia mlio wasioujua katika msitu wa Mwanihana. Wenyeji walikuwa wakimjua kwa jina siku zote. Leo vitabu humwita kwa jina la kijiji cha Sanje, na haishi popote duniani nje ya safu hii ya milima. Husikika zaidi ya kuonekana, jambo linalodai kundi dogo na mazungumzo machache.

Ili kuanza kupanda saa tatu, kundi liondoke Mang'ula kama saa moja na nusu. Makao makuu ya hifadhi yako hapo, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara, na Sanje iko kilomita 10 hivi nyuma, kwa upande wa Mikumi. Umbali ni mdogo, ila katika msimu wa kuvuna miwa barabara ina malori mengi, na kujiandikisha na kupata mwongozaji huchukua muda. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa namba ya malipo kupitia benki, kadi au simu, si kwa fedha taslimu mlangoni. Kazi hiyo ni bora ikamalizwa siku moja kabla, kwa sababu mtandao unaosuasua asubuhi unaweza kula akiba yote iliyotengwa kwa ajili ya njia. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao kwa shilingi, hivyo kitambulisho kisiachwe nyumba ya wageni.

Mwongozaji ni wa lazima, na sababu si kupotea njia tu. Tembo hutumia mapito ya msitu wa chini, na kinyesi kibichi au tawi lililovunjwa muda si mrefu ni habari ambayo mgeni haisomi. Kasi ya kundi ni ya yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Kama kuna mtoto mdogo au mwenye magoti mabovu, uamuzi wa kweli ni kubadilisha njia, si kumhimiza. Hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1992 na isiyo na barabara za magari ya watalii ndani, ina njia fupi zaidi: ile ya Maporomoko ya Prince Bernhard, kilomita 1 karibu na makao makuu, na ya Sonjo, kilomita 2.5. Kwa upande mwingine, kilele cha Mwanihana ni kilomita 38 na siku tatu, safari ya aina nyingine kabisa.

Msimu ndio uamuzi wenye mvutano zaidi. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na kiangazi ni Juni hadi Oktoba. Aprili maporomoko huwa na nguvu zake zote, lakini njia huwa katika hali yake mbaya kabisa. Oktoba njia ni kavu na maji yamepungua. Juni hushinda miezi yote miwili kwa tofauti ndogo: masika yamekwisha, mto bado umejaa. Mwezi wowote ule, hatari ya dimbwini haitokani na mvua inayoonekana pale, bali na ile inayonyesha juu mlimani. Maji yakigeuka rangi kuwa ya udongo, au majani na vijiti vikaanza kupita kwa wingi, waogaji watoke bila kungoja kina kiongezeke. Miamba iliyo ukingoni mwa mporomoko wa juu haifai kusimamiwa hata ikionekana kavu.

Mzigo uwe mdogo. Lita 2 za maji kwa mtu mzima, chakula chenye chumvi kidogo, tochi hata kwa wanaoanza asubuhi, na nguo kavu ya kubadilisha baada ya kuoga. Viatu viwe vya soli yenye meno. Yeboyebo zinafaa dimbwini tu, na jinzi zikilowa huwa nzito na hazikauki. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi huzuia siafu. Simu na kamera hukaa salama katika kopo lenye kifuniko au mfuko maalumu usiopenya maji, kwani mfuko wa kawaida wa plastiki umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kwa kuwa njia ni ya mzunguko, saa ya kugeuka inafanya kazi tofauti na kwenye njia ya kwenda na kurudi. Kabla ya nusu ya mwendo, kundi lililochelewa au lenye mgonjwa linaokoa muda kwa kurudi lilikotoka. Baada ya nusu, kusonga mbele ndiko kufupi. Mwongozaji aulizwe kabla ya kuanza mahali nusu hiyo ilipo, na kundi likubaliane saa ya kuwa limefika hapo. Kwa aliyeanza saa tatu, ni saa tano.

Mambo yakienda sawa, kundi liko chini saa saba mchana, saa 3 kamili kabla ya kikomo. Wanaoendelea Mikumi siku hiyohiyo wana mwanga wa kutosha, na kwa kuwa Sanje iko upande wa Mikumi hawana haja ya kurudi Mang'ula, mradi mizigo yao wameibeba asubuhi.