Saa ya Kumkamua Kambare

Wavuvi wa mbuta, yaani sangara, katika Ziwa Victoria hutia kambare wadogo kwenye ndoana, na wafugaji wa Busia na Tororo huwahitaji kwa mabwawa yao. Soko lipo pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Kinachosumbua ni kuwapata vifaranga wenyewe, maana kambare jike aliyefungiwa bwawani hujaa mayai lakini hatagi. Porini husubiri mvua ifurikishe nyasi za kando ya mto, ndipo atage, usiku.

Matayarisho huanza mapema, kwenye chakula. Wazazi hutengwa na kupewa chakula chenye protini nyingi, mara nyingi soya iliyochanganywa na dagaa, wale wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda. Jike aliye tayari hujulikana kwa mkono: tumbo limetuna na ni laini, na likibanwa kidogo mayai ya kijani-kahawia hutoka.

Halafu sindano. Tezi ya pituitari ya kambare mwingine husagwa, huchanganywa na maji ya chumvi, na jike hudungwa kwenye msuli wa mgongo. Kuanzia hapo kila kitu hutegemea joto la maji. Mwongozo wa mwaka 1996 wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioandikwa na Gertjan de Graaf na Hans Janssen, una jedwali linaloeleza hivi: katika nyuzi 20 za Selsiasi mayai huiva baada ya saa 21, katika nyuzi 25 baada ya saa 11, na katika nyuzi 30 baada ya saa 7 tu.

Chukua jike aliyedungwa saa 2 usiku. Maji yakiwa nyuzi 25, atakamuliwa mayai saa 1 asubuhi. Yakifika 30, mayai yako tayari saa 9 usiku, mtotoleshaji akiwa bado amelala. Yakishuka hadi 20, ni saa 11 jioni ya siku ya pili. Mtotoleshaji akiwahi, mayai hayatoki vizuri. Akichelewa, yanaharibika, na vifaranga wengi wanaoanguliwa huwa na kasoro. Hasara ni kubwa, kwani dume wa kurutubisha mayai naye huwa ameshachinjwa: shahawa yake haikamuliki, lazima apasuliwe.

Hapa ndipo hali ya hewa isiyotabirika inapoumiza. Mvua ya ghafla usiku hupoza tangi, kiangazi kirefu hulichemsha, na saa ya kukariri haifai tena.

Vifaranga nao, baada ya siku kama 3 za kula kiini chao, hudai chakula hai, yaani vijidudu vya majini kama artemia wa kopo au moina wa kufugwa kwenye maji yaliyotiwa samadi. Kambare mkubwa huvuta hewa ya juu. Aliye mchanga bado hawezi, na kwake pia joto ni hatari: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga tangi la pili, mtotoleshaji anunue kipimajoto na aandike joto kila saa tangu sindano. Maofisa wa uvuvi wa Busia na Tororo nao wabandike jedwali hilo, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa kila kituo cha vifaranga.