Diwani Isiyo na Hadhira: Michezo ya Kale ya Sarafu katika Chombo cha Mkononi, na Mfano wa Nyamira

Makala haya yanakusudia kuchunguza aina ya mkusanyo ambayo uhakiki wetu wa fasihi haujaizoea: chombo cha mkononi chenye michezo mingi ya kielektroniki iliyozaliwa katika mashine za kutia sarafu. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini jarida la idara ya fasihi litumie kurasa zake kwa vitu vya kuchezea. Jibu letu ni kwamba mkusanyo huo unalifufua swali tunalolikwepa kila tunapochapa emegano, yaani ngano za Abagusii, katika vitabu vya shule: kilichohifadhiwa ni kazi yenyewe, au ni ile sehemu yake tu iliyokubali kuhifadhiwa? Tunashikilia kwamba ni hiyo ya pili, na kwamba wachezaji wa Nyamira walilitambua jambo hili kabla ya wahariri wetu.

Tuanze na asili. Space Invaders (Taito, 1978), Pac-Man (Namco, 1980) na Galaga (Namco, 1981) zilikuwa kazi za mahali maalumu. Mashine ilisimama ukumbini, mchezaji akasimama mbele yake, na nyuma ya mabega yake wakasimama waliongoja zamu. Sarafu ilinunua muda mfupi tu. Kifo cha mhusika kilipaswa kuja upesi, kwa kuwa mwenye mashine aliishi kwa sarafu inayofuata. Hivyo ugumu wa mchezo, ambao mhakiki wa umbo angeueleza kuwa sifa ya ndani ya matini, kwa hakika ulikuwa hesabu ya biashara iliyogeuzwa kuwa msuko. Aidha, katika Galaga aliyefaulu aliruhusiwa kuacha herufi tatu za jina lake katika orodha ya washindi, jambo linalokaribiana na desturi ya mtunzi wa utenzi kujitaja katika beti za mwisho. Herufi hizo zilikuwa na maana kwa sababu palikuwa na mtu mwingine wa kuzisoma.

Kampuni ya Namco ilipoanza mwaka 1995 kuitoa upya michezo yake katika mfululizo wa Namco Museum kwa mashine ya PlayStation, ililiweka wazi kusudi la uhifadhi hata katika jina: mchezaji alitembea katika vyumba vya makumbusho ya kubuni. Mwaka 2001, mkusanyo ulipotolewa kwa chombo cha mkononi cha Game Boy Advance, vyumba vilikuwa vimetoweka. Ilibaki orodha ya michezo mitano. Kwa upande wa matini, uaminifu wa mikusanyo ya namna hii huweza kustaajabisha. Pac-Man asilia huharibika katika hatua ya 256, kwa kuwa kihesabio chake hakiwezi kuvuka 255, na nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na alama zisizo na mpango. Toleo linaloendesha programu asilia hulibeba kosa hilo kama mnakili mwaminifu abebavyo kosa la mswada. Lakini toleo lilo hilo linaloyalinda makosa ya programu huiacha sarafu. Katika baadhi ya mikusanyo sarafu imekuwa kibonye: mchezaji hubonyeza, hesabu ya malipo ikaongezeka, na hapana aliyelipa. Kiashiria kimebaki, kiashiriwa kimekwenda. Kifo hakina gharama tena, na msuko uliojengwa juu ya gharama hiyo huonekana kuwa ukatili usio na sababu. Vijana wanaosema michezo hiyo ni migumu bure hawakosei. Wameisoma matini kama walivyopewa.

Masoko ya Nyamira hayakupitia enzi ya kumbi za sarafu. Huko mkusanyo ulitangulia asili. Chombo kilichozagaa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa kile kilichoitwa Brick Game: plastiki nyepesi, betri mbili, na kioo cha visanduku 200 vya rangi ya kijivu, 10 kwa upana na 20 kwa urefu. Juu yake mara nyingi ilichapwa idadi ya michezo 9999. Idadi hiyo ni chuku tupu, maana michezo yenyewe ilikuwa michache na kilichozidishwa ni kasi na viwango. Lakini chuku hiyo haiko mbali na ada ya msimulizi anayejigamba kuwa na ngano zisizohesabika, ilhali ana visa-msingi vichache anavyovigeuzageuza. Ndani yake mlikuwa na matofali yanayoanguka ya Tetris (Alexey Pajitnov, Moscow, 1984), mpira na ukuta wa Breakout (Atari, 1976), na uvukaji barabara wa Frogger (Konami, 1981). Hapana mtunzi aliyetajwa. Rangi na sura za wahusika zilikuwa zimeondolewa; chura, gari na kifaru vyote vilikuwa visanduku. Vladimir Propp, aliyezichambua hekaya za Kirusi mwaka 1928 kwa kutazama majukumu ya wahusika badala ya sura zao, angeufurahia mkusanyo huu, kwani ulikuwa tayari umemfanyia kazi yake.

Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni hadhira. Chombo hiki kilibuniwa kwa mtu mmoja. Kioo chake hakisomeki vizuri ila machoni pa anayekishika. Nyamira haikukubali. Katika vituo vya kununulia majani ya chai, ambako mkulima aweza kulingoja lori la kiwanda hadi giza liingie, na katika vibanda vya Keroka, mji ulio mpakani mwa Nyamira na Kisii, tulikiona kikizunguka mikononi mwa watu. Kanuni ilikuwa moja nayo haikuandikwa popote: ukifa, mpe mwenzako. Waliobaki waliinama mabegani mwa mchezaji, wakihesabu mistari kwa sauti, wakimwonya, wakimkejeli. Sarafu ilirejea kwa sura ya zamu. Kifo kikawa na gharama tena, maana aliyekufa alilazimika kuwangoja watu watano au sita. Yaweza kusemwa kwamba huo ulikuwa umaskini tu, chombo kimoja kwa watu wengi. Naam, lakini hata hadhira ya ukumbini ilizaliwa na uhaba uo huo, na hatujasikia mtu akiiita umaskini.

Tukizirudia emegano, hali yetu inatia aibu. Ruth Finnegan alisisitiza tangu mwaka 1970 kwamba fasihi simulizi haina ukamilifu nje ya utendaji wake, na kila mwanafunzi wa uzamili hulinukuu dai hilo katika sura ya pili ya tasnifu. Kisha anapochapa ngano hulifuta itikio la watoto, huandika wimbo mara moja ingawa fanani aliurudia hadi aitikiwe, na hanyamazi pale fanani aliponyamaza. Mpigaji wa obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, huingia kitabuni kama maneno ya wimbo, bila ala na bila waliomzunguka. Hatudai kwamba uchapaji uachwe. Tunadai kwamba mhariri aseme nani alishika, nani aliitikia, na zamu ilipitaje. Kwa kipimo hicho, kosa la hatua ya 256 limehifadhiwa kwa uangalifu kuliko ngano zetu nyingi.

Nokia 3310, iliyotolewa mwaka 2000, ilikuja na michezo minne, na mmojawapo, Bantumi, ni wa jamii ya bao: safu mbili za mashimo sita sita, na ghala moja kila upande. Ukilinganishwa na bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni muhtasari tu. Mpinzani ni simu, ambayo haitanii wala haikawii makusudi ili kumkera mwenzake. Hata hapo tuliwakuta wawili wakishauriana juu ya kila shimo, na watatu nyuma yao wakibisha.