Meno ya Gia Ndani ya Kutu

Bronzi iliyolala baharini karibu miaka 2,000 haibaki kuwa bronzi. Kloridi ya maji ya chumvi huila shaba polepole, mwisho hubaki madini ya kijani na kahawia yaliyoshika umbo la kilichokuwapo. Ndivyo kilivyopatikana chombo cha Antikythera, kikokotoo cha Kigiriki cha mwendo wa jua na mwezi, kilichoopolewa na wazamiaji wa sponji mwaka 1901. Vimesalia vipande 82, na metali ndani yake ni kidogo mno. Ukikwangua kutu, unakwangua chombo chenyewe.

Mwaka 1971 watafiti Derek de Solla Price na Charalampos Karakalos walivipiga picha kwa miale ya gama na eksirei. Gia zilionekana, tena nyingi. Tabu ni kwamba picha ya eksirei ni kivuli: vyote vilivyo kwenye njia ya mwali huangukia sehemu moja. Kipande kikubwa, chenye upana wa sentimita 18 hivi, kimebeba gia 27 zilizobanana. Ipi iko mbele, ipi nyuma? Price alichapisha mpangilio wake mwaka 1974, na sehemu kadhaa zilikuja kusahihishwa. Kwa picha alizokuwa nazo, sioni angefanyaje zaidi.

Dawa ilikuwa kutenganisha matabaka. Watafiti Michael Wright na Allan Bromley walianza kazi hiyo miaka ya 1990 kwa filamu. Mwaka 2005 kampuni ya X-Tek ikapeleka Athens mashine ya siti skani ya kilovolti 450, kwa kuwa vipande visingetolewa nje ya jumba la makumbusho. Nguvu hiyo haikuwa mbwembwe: mwali dhaifu humezwa na shaba na bati kabla ya kutokea upande wa pili. Kila kipande kilizungushwa mbele ya mwali, kompyuta ikaunganisha picha hizo kuwa umbo zima linaloweza kukatwa popote.

Kazi ngumu ikabaki kwa macho ya watu. Bamba za chombo zenye maandishi zilikuwa zimepinda, hivyo mkato mmoja ulionyesha herufi chache tu. Neno lilisomwa kwa kupita mkato baada ya mkato.

Gia kubwa ya nyuma imepoteza baadhi ya meno. Watafiti walipima nafasi za yaliyosalia, wakakadiria 223, idadi ya miezi mwandamo ambayo baada yake kupatwa kwa jua na mwezi hujirudia. Kadirio peke yake lingebishaniwa. Lakini kwenye kipande kingine, maandishi yaliyofichwa na kutu yalisomeka kwa tarakimu za Kigiriki: 223.