Waliokataa Chai ya Gatundu
Mwaka 1969, baada ya waziri wa Kenya Tom Mboya kuuawa, watu walibebwa kwa malori hadi Gatundu, jirani na Thika na Ruiru, wakiambiwa wanakwenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa kiapo: utawala usitoke mikononi mwa Wakikuyu. Wapo wachungaji na wazee wa kanisa waliokataa. Teolojia yao, ninayoiheshimu kuliko ya vitabuni, ilikuwa hoja moja ngumu: aliyeshiriki damu ya Kristo haapi kiapo kingine. Waliitetea mbele ya majirani zao wenyewe, watu wa kuuziana maziwa na kuzikana. Mtumishi mmoja wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) alipigwa hadi akafa. Makanisa yakapinga hadharani, na viapo vikakoma.