Kuuliza Bila Kufungua

Andika ls -l kwenye kompyuta yoyote ya Linux, bonyeza Enter, na kufumba na kufumbua orodha imejaa kwenye kioo: aina ya kila faili, ruhusa zake, mwenyewe, ukubwa, tarehe. Hakuna faili hata moja lililofunguliwa. Picha hazikuguswa, barua hazikusomwa. Kwa kila jina, programu imepeleka ombi moja kwenye kiini cha mfumo endeshi, ombi liitwalo stat, na kiini kimejibu kwa fungu dogo la namba. Mafundi wa programu wamebuni mengi ya kutamba nayo. Mimi nitasifu hili ambalo hakuna anayelitaja.

Atakayelielewa upesi ni mtu aliyewahi kufanya kazi masijala. Karani hodari hahitaji kufungua jalada ili akwambie ni la idara gani, lilifunguliwa lini na nani alilichukua mara ya mwisho. Yote hayo yako kwenye rejista, na yaliyomo ndani hayamhusu. Stat ni karani wa namna hiyo, tofauti ikiwa kwamba hachoki wala haombi chai.

Ombi hili lina umri mkubwa. Lilikuwamo tayari katika toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, babu yake Linux, lenye tarehe ya 3 Novemba 1971, enzi za waasisi wake Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, New Jersey. Jibu lake wakati huo lilikuwa la baiti 34 tu. Baiti moja ilitosha kumtaja mwenye faili, maana nani angefikiria kompyuta yenye watumiaji zaidi ya 256? Baiti mbili zilibeba ukubwa, kwa hiyo faili halikuweza kuvuka kilobaiti 64. Leo, kwenye Linux ya biti 64 ya kompyuta za kawaida, jibu hilo ni la baiti 144. Limenenepa, lakini Thompson akilitazama leo hatapotea: namba ya faili, ruhusa, idadi ya majina, mwenyewe, ukubwa, nyakati. Ni vitu vichache katika ufundi wetu vinavyoweza kujivunia hivyo baada ya zaidi ya nusu karne.

Tuchukue namba moja tuikague. Kwa faili la kawaida la maandishi, sehemu iitwayo st_mode mara nyingi huleta 33188. Ukiitazama hivyo hivyo haikwambii kitu. Iandike kwa tarakimu za msingi wa nane, nayo inakuwa 100644, na hapo inaanza kusema. Ile 10 ya mwanzo inaeleza kwamba hili ni faili la kawaida. Lingekuwa folda, mahali pake pangekuwa na 04. Sifuri inayofuata ni nafasi ya biti tatu za pekee, mojawapo ikiwa setuid, ambayo humwezesha mtu kuendesha programu kwa mamlaka ya mwenye programu hiyo; Ritchie alipata hataza yake Marekani mwaka 1979. Halafu 6, 4 na 4: mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, na walimwengu wengine wanasoma tu. Aina na ruhusa zote zimekaa katika biti 16, na hakuna iliyopotea bure. Anayetaka kujua nini maana ya ubahili mzuri na aisome namba hiyo.

Sheria ninayoiheshimu zaidi ni ya nani anaruhusiwa kuuliza. Ili upate habari za faili, huhitaji ruhusa yoyote juu ya faili lenyewe. Unachohitaji ni ruhusa ya kupita katika kila folda iliyo njiani. Jaribu kwa /etc/shadow, faili linalotunza nywila za watumiaji zikiwa zimefumbwa. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, ukijaribu kulisoma utafukuzwa mlangoni. Lakini stat itakujibu bila kinyongo: ni la nani, lina baiti ngapi, lilibadilishwa lini. Wapo wanaoona huo ni uvujaji wa siri, na hoja yao ina uzito, kwa sababu tarehe ya mabadiliko inaweza kukuonyesha ni lini nywila imeguswa. Naona hata hivyo kwamba waasisi walipima vizuri. Kujua kwamba kitu kipo na kujua kilichomo ni mambo mawili, na asiyetaka kitu chake kijulikane hata kuwapo anafunga folda.

Kisha kuna jambo linalowachanganya wanafunzi: katika jibu lote la stat, jina la faili halimo. Jina hukaa kwenye folda, na folda si chochote zaidi ya orodha ya majina yenye namba pembeni. Namba inaelekeza kwenye ainodi, na ainodi ndiyo kumbukumbu yenyewe ya faili. Faili moja linaweza kuwa na majina matatu katika folda tatu, yote yakiwa na haki sawa, na sehemu ya st_nlink huonyesha hesabu yake. Ndiyo maana ukifuta faili kwa rm, kwa kweli umefuta jina. Kiini kinalizika faili lenyewe pale tu majina yanapofika sifuri na hakuna programu inayoendelea kulishika.

Hilo la kushikwa ndilo linalowakosesha usingizi wasimamizi wa seva. Diski imejaa, huduma zimesimama, simu hazikatiki. Msimamizi anakuta logi moja ya, tuseme, gigabaiti 40, anaifuta, anashusha pumzi. Anaangalia kwa df: diski bado imejaa. Anaangalia kwa du: nafasi tele. Amri zote mbili zinasema kweli. Du hutembea jina kwa jina, ikiuliza kwa stat na kujumlisha, na logi ile haina jina tena. Df huuliza mfumo wa mafaili umebakiwa na nafasi kiasi gani, na logi bado inaikalia kwa sababu programu iliyoifungua haijaiachia, tena inaendelea kuiandikia. Ukiweza kuuliza kwa fstat kupitia programu ile ile, utaona maajabu: st_nlink ni sifuri, na ukubwa unazidi kupanda. Faili limeshafutwa na bado linakua. Dawa ni kuianzisha upya programu, au kuiagiza ifungue logi mpya.

Nimetaja fstat, kwa hiyo niwatambulishe ndugu hawa watatu. Stat huuliza kwa jina, na ikikuta kiungo cha ishara hukifuata hadi kwenye faili linalolengwa. Lstat, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983 viungo hivyo vilipoanza kutumika kule Berkeley, huuliza kuhusu kiungo chenyewe na kuishia hapo. Fstat haijali jina kabisa. Huuliza kuhusu faili ambalo tayari limefunguliwa na liko mkononi. Wanaojifunza huziona kama kitu kimoja chenye tahajia tatu, na hapo ndipo wezi wanapopenyea. Programu yenye mamlaka makubwa inauliza kwa stat: hili ni faili la mtumiaji huyu? Inajibiwa ndiyo. Inalifungua na kuandika. Kati ya jibu na kufungua, katika sehemu ndogo ya sekunde, mwizi ameondoa faili lake na kuweka kiungo chenye jina lile lile, kinachoelekeza kwenye /etc/passwd, faili la akaunti za watumiaji. Programu imeandika mahali isipopaswa, na jibu la stat lilikuwa sahihi lilipotolewa. Fundi anayejua kazi hufungua kwanza, kisha huuliza kwa fstat, kwa maana faili lililo mkononi hakuna awezaye kulibadilisha kwa kucheza na majina.

Nyakati nazo zina mambo yake. Jibu la stat hubeba tatu: atime, lini faili lilisomwa, mtime, lini yaliyomo yalibadilishwa, na ctime, ambayo wengi huidhania kuwa siku faili lilipozaliwa, kumbe ni lini kumbukumbu ya faili yenyewe, kama ruhusa au mwenyewe, ilipoguswa mara ya mwisho. Kwa amri ya touch unaweza kuirudisha mtime hadi mwaka wowote unaoutaka, lakini kitendo hicho chenyewe kinaivuta ctime hadi sasa hivi. Hakuna ombi la kuipanga ctime. Mchunguzi anayekuta faili linalodai kuwa la miaka 5 iliyopita huku ctime yake ni ya juzi ana swali la kumuuliza mtu.

Atime ndiyo niliyo na ugomvi nayo. Kuandika muda kila faili linaposomwa maana yake ni kwamba kusoma kumekuwa kuandika, na diski inachoka kwa kazi isiyo na faida. Linux ilikuja kutafuta njia ya kati, na tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009 muda huo kwa kawaida husasishwa pale tu ulipokuwa nyuma ya mabadiliko ya mwisho, au umepita siku nzima. Siku ya kuzaliwa kwa faili nayo ilikuwamo katika jibu la 1971, ikatolewa, na Linux imeipatia njia rasmi ya kuulizwa mwaka 2017 tu, kwa ombi jipya la statx. Miaka yote hiyo watu waliuliza faili liliundwa lini, na mfumo haukuwa na jibu wala haukulitunga.

Nyakati hizi huhesabiwa kwa sekunde tangu usiku wa manane wa 1 Januari 1970 kwa saa za UTC; Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa 9 usiku. Penye biti 32, hesabu itajaa Jumanne ya 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na tarehe zitarudi nyuma hadi 1901. Mifumo ya biti 64 haina wasiwasi. Vifaa vidogo vya zamani vilivyosahauliwa ukutani ndivyo vya kuangaliwa.

Wangapi wanakula kwa jasho la ombi hili? Make, aliyoiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha mtime tu. Rsync ya Andrew Tridgell, ya 1996, kwa kawaida hulipita bila kulinakili faili ambalo ukubwa na mtime vyake havijabadilika, na hivyo kunusuru bando la wengi. Git nayo hutunza majibu ya stat ili isisome upya mradi mzima kila unapoiuliza nini kimebadilika. Zote tatu zinategemea kwamba kuuliza ni rahisi kuliko kusoma.

Ninachowaomba waandishi wa programu ni kimoja. Stat inaposhindwa, husema kwa nini. ENOENT ni kwamba jina hilo halipo. EACCES ni kwamba umezuiwa kwenye folda iliyo njiani, na faili huenda lipo au halipo. ELOOP ni kwamba viungo vimezidi, mara nyingi kwa kuwa vinazungukana. Programu nyingi, zikiwemo za kulipia, huyakusanya yote hayo na kumwandikia mtumiaji maneno mawili: "Faili halipatikani." Mtu anahangaika usiku kutafuta faili ambalo halijapotea, kumbe alihitaji ruhusa tu. Kiini kimeshafanya kazi ya kutofautisha. Mwandikieni mtumiaji kile kilichosemwa.